Mate Kwanza, Pua Baadaye

Miaka ya korona iliwafundisha walimwengu, na sisi wa visiwani pamoja nao, kwamba pua ya mwanadamu ina kina kirefu kuliko alivyokuwa akidhani mwenyewe. Kwani yeyote aliyepata kupimwa anakumbuka jinsi kijiti chembamba chenye pamba nchani kilivyopenya tundu ya pua, kikaifuata sakafu yake mpaka pale ambapo pua hukutana na koo, kikazungushwa huko kwa sekunde kadhaa, kisha kikatolewa kikifuatwa na machozi, chafya na kikohozi. Jambo lile halikuwa na hatari kubwa, wala sitaki kulikuza kupita kadiri yake. Bali nataka kuuliza swali ambalo naona halikuulizwa vya kutosha wakati ule, na ambalo sasa, maadamu hofu imepungua na akili zimetulia, lastahili kuulizwa na kujibiwa. Je, ilikuwa lazima? Je, maradhi yanayosafiri kwa pumzi, yaani korona, homa ya mafua, na vile virusi vya RSV vinavyowabana vifua watoto wachanga, hayawezi kutambuliwa kwa mate ambayo mtu huyatoa mwenyewe kinywani mwake bila ya kuguswa na yeyote?

Rai yangu ni kwamba yanaweza, na kwamba kwa mahali kama Mkokotoni mate ndiyo yangekuwa sampuli ya kwanza, na kijiti cha puani kikangoja zamu ya pili. Sisemi hivi kwa kuwa kijiti ni kibaya. Nasema kwa kuwa kipimo kinachosifiwa vitabuni, lakini watu wakakikimbia, au kikataka mtumishi asiyekuwapo na barafu isiyopatikana, hakimfai mgonjwa kuliko kipimo kingine kilicho sawa nacho, au kilicho chini yake kwa akali ya kitu, ambacho kila mtu huridhia kukitolea sampuli.

Nimeitaja Mkokotoni kwa makusudi. Mji huu, ulio makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Unguja, umekaa pwani ya magharibi ukikabiliana na kisiwa cha Tumbatu, na bandari yake si ya jana wala juzi: wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua hapo shanga nyingi za kioo, ushahidi wa biashara iliyowaunganisha watu wa pwani hii na ng'ambo ya Bahari ya Hindi karne nyingi kabla ya majumba ya Mji Mkongwe kusimama. Mpaka leo vyombo haviachi kuvuka mlango ule wa bahari, vikichukua wavuvi na wachuuzi wanaowahi mnada wa samaki, wanafunzi, watu waendao Mjini kwa haja zao, na wajawazito na wagonjwa kutoka Jongowe na Gomani wanaotafuta matibabu makubwa kuliko yapatikanayo kisiwani kwao. Hukaa bega kwa bega chomboni, hupeana mikono wakutanapo, huhudhuria maulidi, harusi na maziko kwa pamoja. Na penye mkusanyiko wa namna hii pumzi za watu huchanganyika kuliko bidhaa zao. Hospitali ya karibu nao ni ya Kivunge. Ile kubwa ya Mnazi Mmoja iko Mjini, mwendo mrefu wa gari. Na maabara ya utafiti iliyoko Binguni ni jina ambalo wengi wao hawana sababu ya kulijua.

Ni nani basi aliyepimwa katika siku zile? Mgonjwa wa kwanza wa korona aliyetangazwa Zanzibar, mwezi wa Machi 2020, alikuwa mgeni kutoka Ujerumani. Hesabu za mwisho kutolewa hadharani, tarehe 7 Mei mwaka ule ule, zilitaja wagonjwa 134. Kisha pakawa kimya. Baada ya hapo, milango ya utalii ilipofunguliwa tena na ndege zikarudi kushuka Kisauni, kipimo kikaanza maisha mengine kabisa: kikawa cheti cha safari, kitu cha kulipiwa kwa dola na mgeni aliyepumzika Nungwi au Kendwa na ambaye nchi yake haikumpokea bila ya karatasi ile. Sikatai kwamba wageni walihitaji kuhudumiwa, kwani riziki za watu wengi wa Kaskazini zinatokana nao. Lakini matokeo yake yalikuwa kinyume cha mantiki ya utabibu, kwamba aondokaye alipimwa kwa uangalifu mkubwa, ilhali mtoto wa mvuvi aliyekohoa wiki mbili maili chache kutoka hoteli yake alipewa dawa ya kikohozi na kuambiwa ni upepo wa kusi.

Fauka ya hayo, kipimo chenyewe kilivunjiwa heshima yake mbele ya umma. Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, Rais John Magufuli alilieleza taifa kwamba sampuli za papai, za mbuzi na za vitu vingine, zikiwa zimepewa majina na umri wa watu, zilipelekwa maabara kwa siri, na baadhi zikarudi na majibu ya kuwa na korona. John Nkengasong, aliyekuwa mkuu wa kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti maradhi, aliyakataa maneno hayo siku chache baadaye na kusema kwamba vipimo vilivyotumika vilikuwa sahihi. Sina haja ya kuifufua kadhia ile ili niihukumu upya, ila nasema kwamba hakuna tangazo la Wizara lililoweza kulishinda papai lile barazani. Mpaka Februari 2021, alipofariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikwisha kutangaza kwamba ameambukizwa korona, ndipo kicheko cha papai kilipopungua. Mtu aliyekwisha kulitilia shaka jambo hawi mwepesi wa kutoa pua yake ili lifanywe. Seuze likifanywa na mtu aliyejifunika uso, mikono na mwili mzima, asiyeweza hata kutambulika kuwa ni jirani.

Na tuyaangalie mate yenyewe. Mapema mwaka 2020, maradhi yakiwa bado yanatafutiwa jina, tabibu Kelvin To na wenzake wa Hong Kong waliyachunguza mate ya wagonjwa 12, wakaviona virusi katika ya 11. Mwezi wa Agosti mwaka ule wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wakiongozwa na Anne Wyllie, walichapisha habari za wagonjwa 70 waliolazwa hospitalini, ambao mate yao yalikuwa na chembe za virusi kwa wingi zaidi kuliko sampuli za puani. Tarehe 15 ya mwezi huo huo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikaidhinisha kwa dharura utaratibu wao waliouita SalivaDirect, na uzuri wa utaratibu huo ni kwamba haukufanywa siri ya kuuzwa: maelezo yake yalitolewa kwa kila maabara iliyotaka, hauhitaji chupa ya aina maalumu wala maji ya kuhifadhia, na ile kazi ndefu ya kuvichuja vinasaba imeondolewa, mahali pake pakawekwa kimeng'enya kinachovunja protini na moto wa dakika chache. Gharama ya dawa zake za maabara ilikisiwa kuwa kati ya dola 1.29 na 4.37 kwa sampuli moja. Huko Urbana-Champaign, Chuo Kikuu cha Illinois kiliwapima wanafunzi wake mara mbili kwa wiki kwa mate yaliyopashwa joto la nyuzi 95 kwa nusu saa, joto ambalo pamoja na kuifungua sampuli huviua virusi, na kwa hiyo humkinga mtumishi wa maabara.

Atakayesema kwamba hayo ni mambo ya wachache na azingatie kwamba mwanzoni mwa 2021 jarida moja la Chama cha Madaktari cha Marekani lilikusanya tafiti nyingi pamoja na kuzilinganisha, na hesabu ikawa kwamba mate huwakamata wagonjwa 83 na ushei katika kila 100, na kijiti cha puani 85 kasoro kidogo. Tofauti ni ya mtu mmoja au wawili katika mia. Nami nadai kwamba katika kisiwa cha Tumbatu watakaopotea kwa kuukimbia ule mkono wenye kijiti ni wengi kuliko hao. Aidha, si daima mate kuwa nyuma. Aina ya korona iliyoitwa Omicron ilipozuka mwishoni mwa 2021, wataalamu wa Cape Town walikuta kwamba sampuli za mate ziliitambua vizuri kuliko za puani, ambapo kwa ile iliyotangulia, Delta, mambo yalikuwa kinyume. Kirusi hubadilisha makao yake. Hapana sababu ya kuapa kwa pua milele.

Wajapani, kwa upande wao, waliruhusu mate mapema, na katika viwanja vyao vya ndege walitumia njia ya mate kwa abiria wanaoingia, wakabandika picha za malimau na za matunda makali ya kwao yaliyotiwa chumvi ndani ya vibanda vya kutolea sampuli, ili kinywa cha msafiri aliyechoka kijae maji kwa kuona tu. Nikiisoma habari hiyo nilicheka peke yangu, kwani sijui nchi yenye silaha za namna hiyo kuliko yetu: mtoto wa Unguja aonyeshwe embe bichi lililopakwa pilipili na chumvi, na kichupa kitajaa kabla hajamaliza kutaja jina lake.

Lakini ushahidi wa watu wa mbali, hata ukiwa mzuri namna gani, si sawa na wa jirani, na jirani tunaye. Kilifi, katika pwani hii hii ya Waswahili, watafiti wa kituo cha KEMRI na Wellcome Trust walizifuata nyumba 47 zenye watu 493 kwa muda wa miezi sita, kutoka mwisho wa 2009 hadi katikati ya 2010, wakichukua sampuli puani mara mbili kwa wiki, awe mtu anaumwa au haumwi, mpaka zikatimia karibu 17,000. Kutokana na kazi ile ya subira ndipo ilipojulikana kwamba mtoto mchanga aghalabu huletewa RSV na ndugu zake wakubwa, hasa waendao skuli, na kwamba wasio wachache miongoni mwa walioambukizwa hawakuonyesha dalili yoyote. Insafu yanitaka nikiri kwamba habari hii inanipinga kwa upande mmoja: watu wa Kilifi walikubali kijiti, tena mara kwa mara. Walakini walikikubali kwa sababu walikuwa na watafiti waliojulikana kwao kwa miaka, wanaorudi mlangoni kila wiki, wakiwa na fedha na watumishi wa kutosha. Kituo cha afya chenye muuguzi mmoja mwenye kina mama thelathini wanaomngojea barazani hakiwezi kuifanya kazi ile, ila kinaweza kugawa vichupa.

Wala kinywa si kigeni kwa matabibu wetu. Tangu Robert Koch alipotangaza mwaka 1882 kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu, makohozi yamekuwa ndiyo sampuli ya maradhi hayo, na hakuna zahanati nchini isiyojua kumpa mtu kikopo na kumwambia arudi nacho asubuhi. Tanzania Bara ilibadilisha sheria yake mwaka 2019 ili mtu aweze kujipima VVU mwenyewe, na mojawapo ya njia hizo ni kupitisha kijiti juu ya ufizi. Basi jambo la mate kwa ajili ya virusi vya pumzi si rukio la gizani.

Zipo pingamizi, na baadhi yake ni za haki. Mtoto wa miezi minne hajui kutema, na huyo ndiye RSV inayemtafuta. Mzee aliyelazwa, aliyekauka kinywa kwa homa, hawezi kutoa hata tone. Na yule mwenye tambuu shavuni atakupa rangi badala ya mate. Kwa wachanga na mahututi kijiti cha puani kibaki, kwa kuwa hao wamo mikononi mwa wauguzi hospitalini, na RSV na homa ya mafua kwa watoto wadogo hazijathibitishwa kwa mate kwa wingi kama korona. Kwa watoto wa skuli dawa yake imekwisha kupatikana: katika jimbo la Nordrhein-Westfalen la Ujerumani, tangu Mei 2021, wanafunzi wadogo walikuwa wakinyonya kijiti chenye pamba kwa nusu dakika kama anyonyavyo mtoto lawalawa yenye kijiti, kisha vijiti vya darasa zima vikapimwa pamoja. Hesabu ya kupima kwa pamoja ni nyepesi na ina baraka: wanafunzi 100 wakigawanywa makundi ya kumi kumi, vipimo vinavyotakiwa mwanzo ni 10 tu, likionekana kundi moja lina ugonjwa, hupimwa watu wake mmoja mmoja, jumla ikawa 20 badala ya 100. Na mwenye tambuu asukutue, angoje nusu saa.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wa mbali hawalitaji, nalo kwetu si dogo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani hii, kitu chenye umbo kinachoingia kwa tundu iliyo wazi na kufika ndani ya jofu la mwili hubatilisha saumu, na kwa hiyo kila Ramadhani ya miaka ile palikuwa na wenye kuuliza hukumu ya kijiti cha puani. Masheikh wengi, katika nchi mbalimbali, walitoa fatwa kwamba hakibatilishi, nami si mwanachuoni wa kuongeza neno juu ya yao. Lakini mtu mwenye wasiwasi hatulizwi kwa fatwa peke yake. Atasema nitapimwa baada ya Idi, na kirusi hakingoji mwandamo wa mwezi. Mate yanatoka, hayaingii, na kutema hakumtii shaka mtu yeyote. Zaidi ya hayo, sharti la kutokula wala kunywa kwa nusu saa kabla ya kutoa sampuli aliyefunga amekwisha kulitimiza tangu alfajiri, mradi asingojwe mpaka alasiri kinywa kikawa kikavu.

Ama haya ya kutema mbele za watu, hiyo ni kweli na ni adabu njema. Mwanamke wa Kitumbatu hatatema katika kikombe mbele ya wanaume barazani, wala asilazimishwe. Apewe kichupa aende nacho kwake. Na hapo ndipo fadhila kubwa ya mate inapoonekana, kwamba sampuli haihitaji daktari iwapo tu ipo chupa safi yenye kifuniko. Mwaka 2020 dunia nzima ilivigombania vijiti vya puani, vilivyokuwa vikitengenezwa hasa na kampuni mbili, Copan ya Brescia, Italia, ambako gonjwa lenyewe lilikuwa likiua watu kwa mamia, na Puritan ya jimbo la Maine, Marekani. Na katika ugomvi wa namna hiyo kisiwa kidogo hakiwahi kufika mbele ya foleni. Watafiti wa Yale walionyesha vilevile kwamba vinasaba vya korona hudumu siku nyingi katika mate yasiyotiwa dawa yoyote, hata kwenye joto. Chombo kinachotoka Gomani asubuhi kinaweza kuvichukua vichupa ishirini katika mfuko, na barafu yote iliyomo chomboni ikaachiwa samaki.

Nimesikia watu wenye akili wakiuliza faida ya kulijua jina la kirusi ikiwa tiba ya mafua ni ile ile. Jibu la kwanza ni dawa za kuua bakteria, ambazo hutolewa kwa kila kikohozi na hazina nguvu yoyote juu ya virusi, na kila zinapotolewa bure bure huwazoesha bakteria kuzishinda. Mganga mwenye jibu la maabara mkononi ana sababu ya kumwambia mama kwamba amoksilini haihitajiki. Jibu la pili ni watoto: chanjo ya RSV kwa wajawazito ilipata idhini Marekani mwaka 2023, na siku itakapofika kwetu Wizara itatakiwa kujua RSV hupanda miezi ipi hapa Unguja, wakati wa masika au wa vuli, jambo ambalo halijuliwi kwa kubahatisha. Jibu la tatu ni mahujaji wetu, kwani mwaka 2012 kirusi cha MERS kiligunduliwa kwa mgonjwa wa Jeddah, na Jeddah ni mlango wa Hija.

Kwa hiyo namwomba Waziri wa Afya wa Zanzibar jambo lisilo kubwa. Watafiti wa Binguni na matabibu wa Kivunge wapewe mwaka mmoja kamili, kaskazi na kusi, wachukue sampuli mbili kwa kila mgonjwa wa kikohozi atakayeridhia, moja ya mate na moja ya puani, wazilinganishe kwa korona, mafua na RSV, katika joto letu na kwa vyombo vyetu, na wahesabu pia jambo ambalo tafiti za ng'ambo hulipita haraka: ni wangapi walikataa kijiti, na ni wangapi katika hao walikubali kichupa. Mashauri haya wapelekewe masheha wa Mkokotoni na wa Tumbatu kabla ya kichupa cha kwanza kugawiwa, si baadaye. Na majibu yarudi, kwani katika miaka ile watu walitoa sampuli zao zisirudi na habari yoyote, na atakayefanyiwa hivyo mara ya pili ana haki ya kukataa. Mama wa Gomani aliyetoa mate yake na ya mwanawe Jumatatu apate jibu kabla ya Alhamisi, katika simu yake, kwa Kiswahili, likiwa na jina la maradhi na la kufanya, lisiwe namba ya sampuli tu.